Herufi Zilizokwenda Dandora

Akinyi, siku ya kuniaga, kati ya keki na hotuba, wewe na wenzako wa kompyuta mliniuliza yale masanduku ya mbao yenye vyumba vidogo vidogo kule stoo yalikuwa ya nini. Mutua akasema ni ya kuwekea mayai ya kware. Nilikuwa nimeshika sahani, sikumjibu. Sasa niko nyumbani Mbotela, miguu juu ya kigoda, hakuna wa kunituma, basi nitawajibu kwa maandishi. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hivyo mkikuta koma imekaa pasipo pake, iacheni, imechoka.

Habari za mshahara na nani alipandishwa cheo mtapewa na wengine. Mimi nitasema kazi.

Niliingia pale kiwandani, nyuma ya Jogoo Road, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, mwaka mmoja baada ya mume wangu, mfanyakazi wa reli, kufariki. Niliajiriwa kufagia. Mwenye kiwanda, Kiritbhai, ambaye sote tulimwita Mzee Kirit, alinionyesha ufagio na kunipa amri moja tu: "Mama, ukiona kitu cha chuma chini, hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, usitupe. Hiyo ni herufi."

Siku hiyo nilifagia nikiwa nimeinama kama mpanda viazi. Jioni nikampelekea Fundi Okoth makopo mawili. Fundi Okoth ndiye aliyekuwa mpangaji wa herufi, mtu wa miwani iliyofungwa kwa uzi, mtulivu mpaka ukamsahau. Akachungulia kopo moja, akachungulia la pili.

"Nani alikuambia utenge za Kihindi na za kwetu?"

"Hakuna. Si zinaonekana ni familia mbili?"

Akaniangalia kama mtu aliyepata soksi yake ya pili. Kesho yake ufagio ulipewa mtu mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyinyi mnabonyeza na neno linatokea. Sisi tulilijenga. Kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi, imechongwa kinyume, ili ikipakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi isomeke sawa. Fundi alizipanga mstari kwa mstari, mstari ukawa ukurasa, ukurasa ukafungwa kwa kamba pembeni usimwagike. Ukishachapwa, unafunguliwa, na kila herufi inarudi kwenye chumba chake ndani ya lile sanduku. Kurudisha ndiko nilikopewa mimi. Ni kama kurudisha watoto makwao baada ya mkutano wa kanisa: ukimkosea mmoja mlango, kuna mama atalia.

Tulichapa sana kadi za harusi za Wahindi. Maelezo yalikuwa Kigujarati, lakini juu kabisa huwekwa mstari mmoja wa dua kwa Kisanskriti, lugha yao ya zamani za kale. Herufi zake zinaning'inia kwenye mwamba mmoja, kama nguo kwenye kamba. Sikujua majina yao, nikawapa ya majirani. Ile ya mviringo ilikuwa Mama Agneta wa nyumba ya kona. Ile iliyoshika kiuno ilikuwa Jerusa akigombana bombani. Ile iliyotupa mguu nyuma ilikuwa Mzee Shem akikimbilia basi. Fundi Okoth alikuwa akiniitisha kutoka ng'ambo ya meza: "Mama Nafula, nitupie Jerusa wawili na Shem mmoja." Wateja walidhani tunasengenya watu.

Kisha akaja Mwalimu Trivedi.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi, Kiswahili chake kimepigwa pasi kuliko changu. Alikuja na sanduku la viatu lililojaa kadi, na kila kadi ilikuwa na neno moja: limetoka wapi, linamaanisha nini. Hayakuwa maneno ya mbali. Yalikuwa maneno tunayotia mdomoni kila siku bila kujua kwamba yana ukoo kwenye Kisanskriti. Alitaka kijitabu, nakala mia mbili, cha kugawia shule, kwa sababu alichoka kuona watoto wanafikiri maneno yameota kando ya barabara.

Macho yake yalikuwa yanaisha. Binti yake aliyeko Ulaya alikuwa amemkatia tikiti. Naye Mzee Kirit alikuwa amenunua mashine mpya, hizo zenu, akaamua risasi yote iuzwe kwa watu wa vyuma vikuukuu. Kwa hivyo kijitabu kilikuwa kazi ya mwisho ya zile herufi, na ya mwisho ya Mwalimu.

Akawa anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye stuli kando yangu. Alipogundua mwandiko wa kadi zake unanishinda, akaanza kunisimulia. "Mama Nafula, chapati unapika?"

"Nimezaa watoto sita, Mwalimu. Nimepika."

"Kuna neno charpata. Ni kiganja kilichofunguliwa. Ukiifinyanga ukaipiga kati ya viganja, umelitaja."

Embe lilitoka kwa amra. Laki, ile ya pesa nyingi, ilitoka kwa laksha, alama, kama ile unayochora ukutani ukihesabu. Chandarua kina mwezi ndani yake, chandra, na mimi nimelala chini ya chandarua miaka yote hiyo bila kuuona. Nilipokea kila neno kama mgeni aliyeletwa nyumbani: jina lake, kwao, alipitia kwa nani. Pilipili ilizaliwa pippali, ikapita kwa Waajemi na Waarabu kabla haijafika kwetu. Mtu akinitajia hivyo mara moja, basi. Kusoma kwangu ni kwa polepole. Kusahau sijui.

Siku moja nikamwambia, "Na simba? Ulisema kwao simba ni simha. Si ni yule yule?"

Akacheka. "Kila mtu huniletea huyo simba. Hapana. Simba wenu amekuja na mababu zenu kwa miguu yake. Kufanana sura si undugu." Kwenye kadi ambayo hakuwa na hakika nayo aliweka alama ya kuuliza, hata kama ilikuwa kadi nzuri. Neno chapa lenyewe, kazi yetu, aliliwekea alama hiyo. "Nikidanganya kwa neno moja," akasema, "mtu atakuwa na haki ya kuyatupa mengine yote."

Sasa kosa langu.

Kijitabu kilikuwa cha karatasi tatu kubwa. Kurasa kumi na sita huchapwa pamoja kwenye karatasi moja, halafu inakunjwa. Karatasi mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Tukazirudisha herufi, tukapanga kurasa kumi na sita za mwisho, zikawa zinangoja zamu ya mashine. Ili kadi za Mwalimu zisipotezane na kurasa zao, nilifunga kila ukurasa wa risasi kwenye gazeti pamoja na kadi zake humo humo. Hakuna aliyeniambia. Niliona ni akili, kama wanavyofunga utepe wa jina kwenye mkono wa mtoto hospitalini. Halafu nikaviweka vifurushi vyote kumi na sita rafu ya chini, pale penye nafasi, kando ya magunia ya herufi zilizozeeka.

Siku niliyokwenda kliniki, watu wa vyuma walikuja na mkokoteni. Mzee Kirit akawaambia wachukue kila kitu cha rafu ya chini.

Niliporudi nikaona sakafu tupu pale palipokuwa na vifurushi. Zile kadi hazikuwa na nakala nyingine, na aliyeziandika hakuweza tena kuona mstari. Fundi Okoth hakuuliza nani wala kwa nini. Alivaa koti lake. "Wale ni watu wa Mama Shiru wa Dandora," akasema. "Twende."

Mama Shiru alikuwa mwanamke mkubwa, amefunga leso mbili, na mzani wake unaning'inia mtini kama ng'ombe amechinjwa. Yadi yake haikuwa mbali na jaa. Karai lilikuwa motoni, na ndani yake kitu kinang'aa kama maziwa ya fedha. Kando yake palikuwa na vifurushi vyangu. Nilivihesabu kwa macho: kumi na vinne.

Mwalimu aliwahi kuniambia kwamba herufi kwa Kisanskriti ni akshara, maana yake kisichoharibika. Nilitazama lile karai likichemka.

"Vile viwili viko wapi?" Fundi akauliza.

"Si hivyo unaviona vikichemka? Gazeti liliwasha moto poa sana. Hata zile kadi."

Nilikwenda nikaketi juu ya vifurushi vilivyobaki.

"Shosho, ondoka hapo."

"Mimi si shosho yako, sikumzaa mama yako."

"Haya, mathe, ondoka hapo. Hiyo ni mali yangu. Nilinunua kwa kilo."

"Basi nipime na mimi."

Wafanyakazi wake wakacheka. Yeye hakucheka. Fundi Okoth akamwomba kwa upole, akamweleza. Mama Shiru akasema yeye haelewi habari za vitabu, anaelewa uzito: uzito ukitoka, uzito uingie. Fundi akafikiri, akakumbuka lile gurudumu kubwa la mashine iliyovunjika ambalo Mzee Kirit alikuwa akijikwaa nalo kila wiki. Akarudi mjini kulileta. Mimi nikabaki nimekalia risasi.

Nilikaa pale tangu saa tano mpaka saa tisa. Jua lilikuwa kali, moshi unatoka jaani, na vifurushi vile si kochi. Mama Shiru alinizunguka mara kadhaa. Mwishowe akaniletea chai.

"Kwani ndani yake kuna nini, mathe? Almasi?"

"Maneno."

"Maneno gani?"

Nikamweleza chapati. Akatazama viganja vyake vyeusi. "Aki? Sasa miaka yote nazipiga makofi na sijui?" Akavuta ndoo, akakaa. "Na sufuria?"

"Hiyo ni ya Waarabu."

"Na Dandora?"

"Haimo."

"Mngeiweka," akasema. Halafu akawageukia wale vijana wake waliokuwa wameanza kuvuta kifurushi kimoja chini yangu: "Wee! Muacheni huyo mama na maneno yake."

Fundi alifika na gurudumu likisukumwa na wanaume wanne kwenye mkokoteni. Mama Shiru akalizunguka, akaligonga kwa nyundo, likalia kama kengele ya kanisa. "Hiki sasa ni chuma cha heshima," akasema. Tukaondoka na vifurushi kumi na vinne.

Vilipungua viwili. Mashine yenyewe ya kuchapia ilikuwa inachukuliwa na mnunuzi wiki ile ile, kwa hivyo karatasi ya tatu ilikuwa lazima ichapwe mara moja, kurasa zote kumi na sita pamoja, au isichapwe kamwe. Fundi Okoth alitaka tumwambie Mwalimu.

"Akijua hatapanda ndege," nikasema. "Nayajua yaliyokuwemo. Ni maneno kumi na moja. Nitakutajia."

"Una hakika?"

"Fundi, nikutajie majina ya watu wote waliokuwa kwenye harusi yangu?"

Hilo hakulitaka. Akakaa, nikamtajia. Sukari: kwao ni sharkara, maana yake changarawe, kwa vile sukari ya kwanza ilikuwa mawe mawe. Nikaendelea moja baada ya jingine, na kila moja lilikuja na sauti ya Mwalimu na mahali alipokohoa. Kumi yalikuja mazima. La kumi na moja lilikuwa rangi. Nilijua ranga ni rangi. Nilijua pia kwamba alisema kitu kingine, kwa sababu nakumbuka aliinua kidole. Lakini saa ile alipoinua kidole, Mzee Kirit aliniita nikasaini kupokea karatasi. Nikamwambia Fundi, "Andika rangi, basi." Na akaandika. Alama ya kuuliza sikuiomba.

Maelezo ya Kiswahili tuliyapanga. Lakini herufi za Kisanskriti hazikuwepo tena, nyingine ziko kwenye kurasa kumi na nne, nyingine zimekuwa uji Dandora. Tukaacha nafasi wazi, tukachapa, tukakunja. Nafasi zile ilibidi zijazwe kwa kalamu, na aliyekumbuka ni sura ipi ilifuata ipi ni mimi, niliyemtupia Fundi zote.

Nikachukua kalamu nikaandika nakala ya kwanza, nikampelekea Fundi kwa kiburi. Akaitazama, akavua miwani, akacheka mpaka akakaa chini. Siku zote nilikuwa nimeziona zile herufi kwenye risasi, kinyume. Nilikuwa nimeziandika hivyo hivyo, zote zimegeuka.

"Mama Nafula, umewaandikia watu walio ndani ya kioo!"

Kweli ilibidi nilete kioo cha nyumbani, nisimamishe kipande cha risasi mbele yake, nijifunze upya majirani wangu wakitazama upande wa pili. Jerusa akahamishia mkono kiuno cha pili. Maneno kumi na moja, nakala mia mbili, siku nane. Mkono wangu wa kulia ulipokuwa ukikataa, niliukalia kidogo.

Mwalimu Trivedi, ambaye siku hizo zote alikuwa nyumbani akifungasha mizigo, alikuja siku mbili kabla ya safari. Tukampa stuli yake, nikampa kijitabu. Hakukifungua kama tunavyofungua. Alikilaza magotini na kupitisha vidole polepole kwenye kila ukurasa. Mjue kwamba risasi huuma karatasi. Ukipapasa utasikia kishimo kidogo penye kila herufi. Alikuwa anasoma kwa njia hiyo, anatabasamu, anafunua, anatabasamu. Nilijua atafika. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu asiyeona ndiye angeona.

Alifika. Vidole vikasimama, vikarudi nyuma, vikapita tena.

"Hapa risasi haikupita," akasema.

Fundi Okoth akajishughulisha na kitambaa. Nikamwambia yote: gazeti, kadi, rafu ya chini, Dandora. Nikamwambia tulificha, na kwamba Fundi alitaka kusema, mimi ndiye niliyekataa. Alisikiliza mpaka mwisho, uso hausomeki.

"Soma," akasema.

Nikamsomea kutoka kichwani, sikuhitaji kufungua. La kwanza, akaitikia kwa kichwa. La pili, vivyo hivyo. Kwenye sukari akasema "mawe mawe" pamoja nami, kwa sauti ya chini. Nikafika kwenye rangi. Nikasema lile nililoandika, nikaishia hapo.

"Nusu yake iko wapi?"

Nikamtazama Fundi.

"Ulijua kuna nusu?"

"Nilijua, Mwalimu."

Hapo alikasirika. Hakupaza sauti, ila mikono yake ilifunga kile kijitabu. Nikaona tikiti, na binti, na miaka ile yote ya kadi, na mzee anapanda ndege akiwa na kitu asichokiamini. Ningependa anitukane. Akakipapasa tena kijitabu.

"Kumi umeyashika kuliko wanafunzi wangu wote," akasema. "La kumi na moja umelitoa nje limevaa kiatu kimoja. Sikiliza basi. Mzizi wake ni ranj. Ni kitambaa kuchovywa, kikakolea rangi. Na ni mtu pia, akipenda. Wazee wa lugha ile waliona ni jambo moja: kitambaa kikishakolea hakirudi kilivyokuwa, na aliyependa ni hivyo hivyo."

Nikamfikiria mume wangu, na sare zake za reli nilizokuwa nikizifua rangi ya samawati ikanibaki kwenye kucha.

"Zimegawiwa?" akauliza.

"Hata moja."

"Ziko ngapi?"

"Mia mbili, Mwalimu."

"Nina siku mbili." Akanisogezea stuli ya pili kwa mguu. "Leta kalamu. Wewe andika, mimi nitakuwa nakupa."

Tukafanya hivyo. Yeye anafungua kwa vidole, anatafuta pale palipo laini, ananinyooshea. Mimi naandika pembeni neno moja, *kupenda*, naweka kando, ananipa kingine. Siku ya kwanza tulifika tisini na kitu. Siku ya pili tulimaliza kabla ya chai ya alasiri, naye akachukua nakala ya mwisho wino ukiwa mbichi, akaipapasa, akajichafua kidole, akaridhika.

Nakala yenu iko kwenye droo ya juu ya meza iliyokuwa yangu. Jumapili baada ya Mwalimu kuondoka nilikwenda kanisani na wino kidoleni, hautoki kwa sabuni wala kwa mchanga, na mchungaji aliponishika mkono mlangoni akaniuliza nimepiga kura wapi.